Dhahabu Kwenye Ukuta wa Mashariki

Bi Areti alimpa Stratos kahawa, na Evanthia akampa kopo la kumwagilia maua.

"Maadamu umesimama tu, mke wa fundi," alisema, "unimwagilie mirehani yangu ya barazani. Tangu asubuhi haijaonja maji."

Evanthia alilitazama lile kopo, kisha akamtazama mumewe. Stratos alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya sebule tupu, mkono wa kulia umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, kikombe amekishika kwa mkono wa kushoto kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Macho yao yalipokutana, akayahamishia ya kwake dirishani. Evanthia akaenda barazani, akamwagilia mirehani chungu baada ya chungu, vyote kumi na kimoja. Aliporudi alikuta kahawa imeshanywewa na kikombe kimeachwa sakafuni ili akakioshe yeye.

Ilikuwa Jumatano, na mji wa Melbourne ulikuwa bado unajinyoosha baada ya mapumziko ya mbio za farasi ya jana yake. Alhamisi ya wiki inayofuata ingekuwa sikukuu ya Mtakatifu Minas, somo wa mume wa Bi Areti. Kwa Wagiriki wa mtaa wa Northcote siku ya namna hiyo haina kadi wala mwaliko. Mlango unaachwa wazi tangu alasiri, na kila anayemjua Minas anaingia, anampa mkono, anakaa, analetewa kijiko cha cheri za sukari na glasi ya maji, na anapokula anaangalia kuta. Minas Kondelis alikuwa na maduka matatu ya samaki na chipsi, kwa hiyo waliomjua walikuwa wengi. Na tangu Pasaka mkewe alikuwa amekwisha kuwatangazia, kanisani na sokoni, kwamba mwaka huu watakaa ndani ya dhahabu.

Dhahabu yenyewe ilikuwa imesimama pembeni, roli kumi na nne za karatasi ya ukutani kutoka Ujerumani. Uso wake ulikuwa bati jembamba kuliko ganda la kitunguu, linalong'aa kama sinia la harusi, na juu yake yamepandwa maua ya mahameli rangi ya damu ya mzee. Aliyeiuza alikuwa amesema wazi kwamba toleo lile limekwisha. Roli moja ikiharibika, hakuna nyingine itakayofanana nayo.

Uongo ulikuwa umeanza wiki mbili nyuma, Stratos alipoanguka kutoka juu ya mbao akavunjika kifundo cha mkono. Mafundi wengine wa lugha yao walikuwa wameshikwa na kazi hadi Krismasi. Stratos akamwendea Bi Areti na mkono wake mweupe, akamwambia asiwe na wasiwasi, mkono wa kupandishia karatasi ni wa kushoto. Wa kulia ni wa kupokelea ujira tu, na huo hata ukiwa na plasta unapokea. Bi Areti alicheka, akakubali. Njiani kurudi, Evanthia akiwa nyuma ya usukani, Stratos alimwambia bila kumtazama: "Utapandisha wewe. Mimi nitaongea."

Evanthia hakuuliza kama ataweza. Miaka kumi na tisa alikuwa akimchanganyia gundi mwanamume huyu, akimpimia, akimkatia, akimpa vipande mkononi ngazini. Kuta za nyumba yao wenyewe, hadi za choo, zilikuwa kazi yake. Na katika nyumba za watu, mwenye nyumba akitoka kwenda dukani, Stratos alikuwa akishuka kuvuta sigara na kumwachia yeye pembe na vizingiti vya madirisha, yaani zile sehemu zinazompa fundi jina au kumnyang'anya. Wateja waliporudi walisifia pembe. Stratos alipokea sifa, na Evanthia alifagia mabaki.

Kwa hiyo aliuliza kimoja tu. "Na wakisifu?"

"Wakisifu tutakula," alisema Stratos.

Hakuwa amejibu alichoulizwa, na wote wawili walijua.

*

Walimwambia Bi Areti kwamba fundi hapendi kuangaliwa akifanya kazi. Mlango ukafungwa. Siku ile ya kwanza walibandua karatasi ya zamani, na ukuta wa mashariki hawakuhitaji hata kuubandua, karatasi yake ilikuwa imejinyofoa yenyewe na kuning'inia kama ngozi iliyoungua jua. Hapo ndipo zilipokuwa zimetundikwa picha za watakatifu. Bi Areti mwenyewe alikuwa amezishusha, akazibusu moja moja na kuzihamishia chumbani pamoja na taa yake ndogo ya mafuta ya zeituni, ile isiyozimwa usiku wala mchana. Ukutani palibaki alama nyeusi iliyopanda kutoka usawa wa kifua hadi darini.

Stratos aliitazama kutoka kwenye ndoo. "Moshi huo. Sabuni na maji ya moto, basi."

Evanthia aliweka pua yake ukutani. Akapitisha kiganja, akakinusa kiganja. "Si moshi. Ni mafuta, na yameshaingia ndani ya lipu. Tukipaka gundi juu yake, karatasi itatukataa."

"Nani fundi hapa?"

"Wewe."

Alilisema neno hilo kwa upole, akaendelea kukwangua. Lakini Alhamisi Stratos alikuwa na miadi ya hospitali, na Evanthia akaja peke yake, akamwambia Bi Areti kwamba fundi amemtuma kusafisha. Bi Areti aliona ni sawa kabisa. Akamwonyesha bomba la kufulia, akamwomba pia, akipata nafasi, apitishe kitambaa kwenye vioo vya ukumbini. Evanthia hakuipata nafasi hiyo. Aliusugua ukuta wa mashariki kwa maji ya magadi hadi vidole vikamwasha, akaukausha, akafungua madirisha yote, akaupaka vanishi ya spiriti kutoka sakafuni hadi darini, akangoja ikauke akila mkate na zeituni kwenye ngazi ya nyuma. Mchana akaupaka tena. Ukuta ukawa mgumu na mkavu kama sahani.

Hakumwambia Stratos. Angemwambia wangebishana, na sikukuu haingewangoja. Lakini hiyo haikuwa sababu pekee. Alitaka ndani ya chumba kile kiwepo kitu kimoja ambacho hakukiombea ruhusa.

*

Ijumaa, baada ya kulaza karatasi nyeupe ya chini kwenye kuta zote nne, Evanthia alizima meni swichi ya nyumba, kwa sababu bati na waya za umeme havipatani. Kisha akavua pete yake ya ndoa, akaitia mfukoni mwa aproni. Pete ingekwaruza. Karatasi ya bati haisamehe kitu. Punje ya mchanga chini yake inaonekana kama kokoto, na ukiikunja mara moja tu, kovu lake halitoki hadi nyumba inabomolewa.

Aliangusha timazi, akapiga mstari. Karatasi za kawaida zinapakwa gundi zenyewe, lakini hii gundi inapakwa ukutani, nayo haikungoji. Alipanda ngazi na kipande cha kwanza kikiwa kimening'inia mbele yake kama nguo ya askofu, akakishika juu, akakiacha kishuke taratibu kwa uzito wake, akakifuata kwa brashi laini kutoka katikati kwenda kando. Hewa yote ikatoka. Kipande kikakaa.

"Vuta kidogo," Stratos alikuwa akipaza sauti kuelekea mlangoni, miguu ameinyoosha. "Hapo, hapo. Ah, mkono wangu huu wa kushoto, kumbe nilikuwa nauonea bure."

Evanthia aliuma midomo asicheke. Kipande cha pili kilipokaa, ua la mahameli lililokatwa nusu likakutana na nusu yake hata usingeweza kupitisha unywele katikati yao. Cha tatu kikafuata. Stratos alikuwa bado anaongea. Kwenye cha tano aliacha kuongea. Alikuja akasimama karibu, akalitafuta ungio kwa ukucha wa kidole gumba, hakulipata, akarudi kwenye ndoo yake akafungua gazeti. Hakugeuza ukurasa hadi saa ya chakula.

Evanthia aliusikia ukimya ule kuliko alivyozisikia sifa zote za wateja wa miaka kumi na tisa.

*

Hadi Jumatatu mchana kuta mbili zilikuwa zimekwisha, ule wa mashariki ukiwa mmojawapo, na alikuwa kwenye wa tatu. Simu ililia ukumbini. Ilikuwa hospitali, wakitaka kubadilisha siku ya Stratos, na Bi Areti, badala ya kuita, akasahau amri ya mlango na kuusukuma.

Alimkuta fundi amekaa na gazeti. Alimkuta mke wa fundi juu ya ngazi, na mita tatu za dhahabu mikononi.

"Fundi," alisema taratibu, "huyu anafanya nini huko juu?"

Stratos alisimama, gazeti likaanguka. Akasema mkewe anamshikia tu.

"Anakushikia. Na wewe umeshika nini, habari za dunia?" Sauti ilianza kupanda. "Miezi mitano nimeingoja hii karatasi. Nimewaambia watu wote inapandishwa na Stratos Vamvas. Kumbe inapandishwa na muosha vikombe. Shuka, mama. Shuka kwenye ukuta wangu."

"Sishuki," alisema Evanthia.

Hakugeuka. Hakuweza kugeuka hata kama angetaka. Kiganja kimoja kilikuwa kimebeba ukingo wa juu na kingine kimeuzuia ukingo wa pembeni usijikunje. "Gundi iko ukutani tayari. Nikishuka sasa kipande hiki kimekufa, na hakuna kingine duniani kinachofanana nacho. Niache nimalize, halafu unifukuze."

Bi Areti hakuwa mtu wa kujibiwa kwa mgongo. Alifungua kinywa, na Stratos, ambaye alikuwa ameshaanza kusema samahani, naye akafungua chake. Lakini kipande kilikuwa kimeanza kushuka, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuacha kukitazama. Evanthia alikishusha hadi usawa wa kifua, akaenda na brashi, akashuka vidato viwili, akaenda na brashi. Ua likatafuta nusu yake, likaipata. Akachukua wembe, akakata chini kwenye ubao wa sakafu mkato mmoja usio na kituo. Ndipo aliposhuka, akajifuta mikono kwenye aproni na kumgeukia mwenye nyumba.

"Sasa," alisema.

Bi Areti alimpita bila kumtazama. Alikwenda ukutani akatafuta kosa. Alitafuta kwa macho, kisha kwa vidole, kisha akainama na kutazama kwa upande, shavu karibu na karatasi, na hapo akajiona mwenyewe ndani ya dhahabu, uso wake mpana na nywele zake zilizopigwa rangi, vikielea kati ya maua. Halafu akasema, si kwa yeyote kati yao, kwamba kule kwao mlimani kuta zilikuwa za udongo, na mama yake alikuwa akizibandika magazeti kwa uji wa unga ili upepo usipite. Kusoma alijifunza kwenye kuta zile. Ukurasa uliokuwa juu ya kitanda chake ulikuwa umebandikwa kichwa chini.

"Na zile mbili nyingine?" aliuliza. "Nazo kapandisha nani?"

"Mimi."

"Hata ule wa watakatifu?"

"Hata huo."

Bi Areti alivuta pumzi. Alikuwa amerudi kuwa mke wa maduka matatu. "Malizeni. Imependeza, siwezi kusema uongo. Lakini nimeshawaambia watu ni Stratos. Nikisema ni mkewe, watasema Areti alikosa fundi, akachukua mwanamke wa usafi. Kwa hiyo ni Stratos. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," alisema Stratos.

Alijibu haraka mno. Evanthia angeweza kumsamehe lile gazeti, na ule mkono wa kushoto. Haraka ile ilimchoma.

*

Jioni walikula dengu kimya hadi binti yao Mirsini, wa miaka kumi na saba, alipouliza nani amekufa.

"Fundi," alisema Evanthia. "Mimi. Nimekufa leo saa nane mchana, na baba yako ndiye aliyetia sahihi."

Stratos aliweka kijiko chini. Alisema hakuwa na la kufanya, mteja ni mteja. Alisema watu wakijua, watasema Stratos analishwa na mkewe, na baada ya hapo nani atampa kazi?

"Na miaka kumi na tisa ulikuwa unalishwa na nani?" aliuliza Evanthia. "Gundi ilikuwa inajichanganya? Pembe zilikuwa zinajikata?"

"Sikatai."

"Hukatai hapa jikoni. Jikoni hata mimi nakuita mfalme."

Mirsini alicheka, kisha akaona si mahali pake, akajiinamia kwenye dengu. Stratos alijaribu kukata mkate kwa mkono mmoja, mkate ukamkimbia mezani. Evanthia aliutazama ukikimbia. Siku nyingine yoyote angemkatia. Leo aliuacha, na Stratos akaumega kwa meno.

"Siku ya sikukuu nitakwenda," alisema Evanthia alipoinuka. "Sitakaa nyumbani kama mwizi. Nitaketi nitazame kuta zangu, na wewe utakaa pembeni yangu upokee pongezi. Nataka kuona zitakavyokupita kooni."

*

Kuta zote nne zilikwisha Jumanne jioni. Bi Areti na dada zake walirudisha makochi ndani ya mifuko yake ya plastiki, wakayavua mifuko asubuhi ya sikukuu, wakatundika watakatifu mahali pao na kuwasha taa. Alhamisi saa kumi na moja jioni jua lilikuwa bado liko kwenye madirisha ya magharibi, na sebule ya Kondelis ilikuwa inawaka.

Hata Evanthia, aliyekijua kila kipande kwa urefu wake, alisimama kidogo mlangoni. Watu waliingia wakisema mambo yao ya mvua na ya parokia, na kizingitini sentensi zikawafia. Wanaume walitembea kwa uangalifu kana kwamba kuta zingewamwagikia. Mwanamke mmoja alijisahau akajitazama meno ukutani. Minas mwenyewe, mtu mnene mwenye haya, alikuwa amevaa suti, akishika mikono na kurudia kwamba haya ni mambo ya Areti, yeye anajua samaki tu.

Evanthia hakupata kuketi. Alipoingia, Bi Areti alimshika kiwiko na kumpitisha moja kwa moja hadi jikoni, akamwambia kwa tabasamu kwamba wasichana hawatoshi, amsaidie na trei. Kwa hiyo alizitazama kuta zake akiwa amebeba glasi. Alimsikia Bi Areti akisema Stratos Vamvas, mwingine akisema mikono ya dhahabu kweli, na wa tatu akisema kwa plasta ile, je, angekuwa mzima? Stratos, aliyekaa kochi la katikati, aliitikia kwa kichwa. Kila mara kichwa kilikuwa kikishuka kidogo zaidi.

Kisha akaingia mzee Pandelis. Alikuwa amepandisha karatasi kwa Wagiriki wa mji ule tangu kabla Stratos hajashuka melini, na akiingia nyumbani mwa mtu huwa anasalimia kuta kwanza. Alizunguka chumba mikono nyuma. Alipofika kwenye ukuta wa mashariki alisimama, akavaa miwani, akabonyeza chini ya taa ya watakatifu, akabonyeza juu yake, akagonga kwa kifundo cha kidole. Mazungumzo yalipungua. Kila mtu alitaka kusikia Pandelis atasema nini.

"Ukuta huu nimeupandisha mara mbili mimi," alisema. "Mara mbili umenitemea karatasi. Nilimwambia Minas, hamisha taa au hamisha nyumba."

Watu wakacheka. Minas akathibitisha kwamba aliambiwa.

"Sasa nauona umekaa. Hauna pumzi hata moja." Alimgeukia Stratos, akavua miwani. "Mwanangu, mimi Krismasi hii naacha kazi. Sitakunyang'anya mteja. Ulifanya nini hapa? Niambie nisife nalo."

Stratos alijiweka sawa kwenye kochi. "Sabuni," alisema. "Na maji ya moto."

Pandelis alitabasamu kwa huruma. "Sabuni nilitumia mimi. Ilidumu wiki mbili. Wewe ulifanya kingine."

Stratos aliutazama ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze aliuona vizuri. Alikuwa hajui. Chumba kizima kilikuwa kimemgeukia, naye hakuwahi kuuliza. Bi Areti aliona kitu kinamponyoka, akaanza kutangaza kwa sauti kwamba baklava iko tayari.

Evanthia alikuwa kwenye mlango wa jikoni na trei ya glasi kumi na mbili. Alijua kwamba akinyamaza, Pandelis atadhani Stratos anaficha siri ya kazi, watu watamsifu hata kwa hilo, na dhahabu ile itabaki ya Stratos hadi siku itakapobanduliwa. Akisema, anamvunja mumewe mbele ya Northcote nzima, na mwenye nyumba pia, siku ya somo wa nyumba yake. Alikuwa ameyapima yote hayo tangu Jumatatu. Hakuyapima tena.

"Magadi kwanza," alisema. "Halafu vanishi ya spiriti, mara mbili."

Pandelis alimgeukia. Hakuonekana kushangaa kuwa ni mwanamke. Alishangaa kuwa ni vanishi. "Mara mbili siku moja?"

"Ya kwanza asubuhi, ya pili saa nane. Madirisha wazi."

"Na karatasi nyeupe ya chini uliisimamisha?"

"Niliilaza. Maungio ya chini yasije yakaangukia kwenye maungio ya juu."

"Uliilaza," alisema Pandelis polepole. Alionekana kama mtu anayehesabu kuta alizopoteza. "Kumbe ulikuwa wewe."

"Ukuta huo, na hizi tatu," alisema Evanthia. Akaiweka trei juu ya piano.

Kila jicho likaenda kwa Stratos. Alikuwa ameinamia plasta yake, akiikwangua kwa ukucha. Angeweza kucheka na kusema mke anajua kusikiliza. Angeweza kusema alimwelekeza. Bi Areti alikuwa akimtazama kwa macho ya kumsihi aseme mojawapo. Stratos aliinua kichwa, akamtazama mkewe aliyesimama mbele ya ile dhahabu na gauni lake la buluu, mikono mitupu, hajainamisha uso.

"Mimi nilikuwa nasoma gazeti," alisema Stratos.

Wa kwanza kucheka alikuwa Minas, kicheko cha tumboni ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwake, halafu chumba kizima. Pandelis alicheka hadi akashikilia kochi. Stratos naye alicheka, uso umemwiva, na alipomaliza alisema tena, kwa sauti ya chini, aliyoitaka imfikie mtu mmoja: kwamba pembe zote walizowahi kuzisifu, miaka yote, nazo zilikuwa za mkewe.

Bi Areti alibaki amesimama na sinia la baklava. Alikuwa akitafuta uso wa kuvaa. Akawatazama wageni, akaona hakuna anayesema mwanamke wa usafi. Walikuwa wamesogea ukutani, wanabonyeza, wanamwonyesha Pandelis, wanataka kujua vanishi ya spiriti inauzwa wapi. Wanawake wawili walikuwa wameshaanza kumwuliza Areti alimpataje. Kisha akakiondoa kibeti cha mtu juu ya kochi zuri, lile la karibu na dirisha.

"Kaa, Evanthia," alisema, mbele ya wote. "Nimekusimamisha mno." Na akamletea yeye mwenyewe cheri kwenye kijiko, na glasi ya maji, juu ya trei ya fedha.

Evanthia aliketi. Alikula cheri zake bila haraka. Bi Thekla, mwenye nyumba kubwa ya ghorofa kule Preston, alikuwa ameshamfikia Stratos na kumwuliza ni lini atakuja kutazama ukumbi wake na ngazi. Naye alikuwa anataka bati, la rangi ya shaba. Stratos alinyoosha kidevu kuelekea dirishani.

"Si mimi unayemtafuta," alisema. "Yule pale."

Bi Thekla alivuka chumba, akainama, akarudia maneno yake yote upya. Evanthia alikunywa maji, akaweka glasi juu ya trei, akajifuta vidole.

"Dari lina urefu gani?" aliuliza.